Tangulia, Mjomba

Baku, 3 Machi 1984

Tarlan,

Samaki amefika. Balagha alinikabidhi mkono kwa mkono stesheni, akiwa na ule uso wake wa kondakta wa treni aliyekosa usingizi, na jioni ile ile nilimla kwa mkate nikiwa peke yangu mezani kama bwana mkubwa. Jozi na plamu ulizomjaza zimekolea. Harufu yake ilijaa korido nzima, hata majirani wakawa wanapita pita mlangoni kwetu kwa visingizio. Mwambie mama ahsante.

Tumbo limenisumbua siku mbili. Nadhani ni kabeji ya mgahawa wa kiwandani. Sasa nimepona, na mafua ya Januari nayo yamekwisha kabisa, usiwe na wasiwasi.

Kazini hakuna jipya. Mtambo unakwenda, salfa inatoka kwenye mafuta, mkuu wetu Shamil anapiga kelele asubuhi na kunyamaza mchana. Fundi wangu, Mjomba Mirzagha, anakusalimu. Jana aliniuliza, "Mhandisi, mwanaume gani anamwachia mkewe aende kwa baba yake kabla ya sikukuu ya Novruzi? Nani atakupikia pilau, mimi?" Nikamwambia baba yako amepooza mkono wa kulia na hana mwingine wa kumlisha. Akasema basi atanipikia yeye.

Je, mzee anaweza kushika kijiko? Niandikie.

Behbud


Lankaran, 9 Machi 1984

Behbud,

Baba anashika kijiko lakini hakifiki mdomoni. Tunamshukuru Mungu kwa hicho hicho. Sasa tuyaache ya kijiko.

Balagha alikuja nyumbani jana. Amekuja kuniomba radhi. Kumbe treni ilikwama njiani siku moja na nusu, na behewa, kwa jiko lake la makaa, lilikuwa na joto la kuivisha mayai. Samaki aliharibika. Anasema abiria walimlazimisha amfunge kamba amning'inize nje ya dirisha, na mama mmoja aliyekuwa na mtoto akahama behewa. Alipokukabidhi alikuambia, "Mtupie paka, kaka, nisamehe." Na wewe, anasema, ulikileta kile kifurushi puani, ukavuta pumzi mbele ya macho yake, ukasema, "Mashallah, mikono ya mke wangu hii."

Alidhani unamfanyia dhihaka. Ameteseka wiki nzima.

Behbud, ulinusa nini?

Nimekaa na swali hili tangu jana, na kila nikikaa nalo jambo jingine linakuja. Yale maziwa yaliyoungua mwezi wa kwanza, wewe ukiwa umesimama juu yake. Asubuhi ya safari yangu, nilipoingia jikoni nikakuta kitufe cha jiko la gesi kimefunguliwa bila moto, na wewe umekaa hatua mbili kutoka hapo unasoma gazeti. Nilikugombeza kwamba una mawazo mengi. Nikafungua dirisha, nikabeba sanduku langu, nikaondoka. Sasa nikikumbuka dirisha lile mwili unanisisimka.

Majirani hawakuwa wanatamani samaki, mume wangu.

Usinidanganye tena. Niambie.

Tarlan


Baku, 14 Machi 1984

Tarlan,

Nimeandika barua hii mara tatu. Mbili nimezichana.

Sina pua. Tangu yale mafua, sinusi kitu. Si chai, si sabuni, si petroli. Mwanzoni nilidhani ni makamasi yatakwisha. Februari nikaanza kujipima. Nilikata kitunguu, nikakiweka puani. Machozi yalitoka, harufu haikuja. Nililia machozi ya kitunguu na machozi yangu pamoja, sikujua yapi ni yapi.

Wewe hujawahi kuingia kwenye mtambo wetu, kwa hiyo nitakueleza kitu ambacho sikupenda ukijue. Sisi tunatoa salfa kwenye mafuta, na salfa hiyo hutoka ikiwa gesi. Gesi yenyewe haina rangi. Ikiwa kidogo, inanuka yai bovu, na mtu anakimbia huku akicheka. Ikizidi, inaua kwanza pua: harufu inatoweka ghafla, unadhani imeondoka. Halafu inakuua wewe. Pumzi mbili au tatu zinatosha. Tuna vipimo viwili vya ukutani, kimoja kimeharibika tangu kiangazi. Kwa hiyo mtu anaishi kwa pua yake. Na mimi ndiye mhandisi wa zamu, watu kumi na wanne wako chini yangu.

Naogopa, Tarlan. Naogopa kuanzia getini. Zamani nilikuwa natembea kati ya mabomba kama mtu anayetembea uani kwake. Sasa natazama nyuso. Mtu akikunja uso tu, moyo unanipasuka. Natazama shomoro kwenye kingo za ngazi, kama bado wapo. Jumanne iliyopita vijana wawili walinipita mbio wameziba pua, wanacheka, mmoja akapiga kelele, "Mhandisi, umeoa hiyo gesi?" Nilidhani ni utani wao. Nilibaki nimesimama. Nilipotazama kifuani, karatasi yangu ilikuwa kahawia.

Karatasi ni hizi: maabara wana vipande vilivyochovywa dawa; gesi ikipita, cheupe kinageuka kahawia, kisha cheusi. Ninaviiba. Ninabandika kimoja kifuani, chini ya ukosi wa koti. Lakini karatasi huchelewa, na mtu hawezi kutembea siku nzima akitazama kifua chake.

Kwa hiyo ninamtumia Mjomba Mirzagha. Ana miaka hamsini na minane, thelathini na moja kati yake ameimaliza pale, na watu wote humwita pua ya kiwanda. Nimemwambia goti linaniuma, nashuka ngazi polepole, na kila tukienda kukagua namwambia, "Tangulia, Mjomba." Naye anatangulia. Mimi namfuata kama kipofu aliyeshika fimbo.

Usimwambie mtu. Hata baba yako. Mei Mosi majina ya watakaopewa nyumba mpya za kiwanda yatabandikwa, na mimi ni wa nne. Miaka kumi na moja tumelala katika chumba kimoja na kugawana jiko na familia tatu. Nikisema leo, kesho nitakuwa nje ya mtambo, na walio nje ya mtambo hawapewi nyumba. Ni wiki saba tu. Nikishapata funguo, nitasema mwenyewe.

Behbud


Lankaran, 19 Machi 1984

Behbud,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, halafu nikaketi sakafuni. Mama aliuliza nani amekufa.

Sikiliza. Mimi ni mwalimu wa jiografia, sijui gesi yenu. Lakini najua kuhesabu. Wiki saba ni siku arobaini na tisa. Kila siku unashuka ngazi ngapi? Kila ngazi ni mara moja ya kufa. Nyumba nitaifanyia nini nikiwa mjane? Nitatundika picha yako ukutani, kuta ziwe nyingi?

Na yule mzee! Ana binti ambaye hajaolewa, Nazli. Unamfanya fimbo bila kumwambia kuwa ni fimbo. Akijua kuwa wewe hunusi, atakuwa mwangalifu maradufu. Sasa anatembea kama mtu aliye na mwenziwe nyuma, kumbe nyuma yake hakuna mtu.

Nenda kwa daktari wa kiwanda, Daktari Zivar. Uliwahi kusema mwenyewe ni mtu wa haki. Nenda kesho. Usipokwenda, nitakuja mimi niwaambie, nikiwa na aproni ya jikoni kama nilivyo.

Kesho kutwa ni Novruzi. Nimepaka mayai rangi kwa ajili ya watoto wa kaka. Nimevunja manne.

Tarlan


Baku, 24 Machi 1984

Tarlan,

Usije. Nakuomba kwa uhai wa baba yako.

Leo asubuhi nilikwenda hadi mlangoni kwa Daktari Zivar. Kulikuwa na foleni. Nilikaa, nikahesabu watu sita mbele yangu, nikainuka. Niliogopa kuliko ninavyoogopa mtamboni. Mtamboni naogopa kufa tu.

Mjomba alitimiza ahadi yake, aliniletea pilau kwenye sufuria aliyoifunga kwa shuka. Nazli ndiye aliyepika. Mzee alisema, "Nusa hiyo zafarani, mhandisi, ni ya kijijini kwetu." Nikanusa. Nikasema mashallah. Naye akanusa, akafumba macho, akasema mashallah.

Upepo wa kaskazini umevuma wiki nzima, unaondoa kila kitu. Siku za upepo sina hofu sana. Nimeongeza karatasi, sasa ninabandika mbili.

Imebaki mwezi mmoja na siku chache. Nisaidie kunyamaza.

Behbud


SIMU YA MAANDISHI
Baku, 11 Aprili 1984

NIKO HAI. USIJE. BARUA INAFUATA. BEHBUD


Baku, 12 Aprili 1984

Tarlan,

Nitakuandikia kama ilivyokuwa, kwa mpango, maana nikianza kulia sitamaliza.

Juzi kulikuwa na ukungu. Hakuna upepo hata wa kutikisa uzi. Saa nne asubuhi Mjomba alikuja chumba cha kuendeshea mtambo, akasema pampu ya tatu inalia vibaya. Pampu hiyo iko kwenye shimo la zege, unashuka ngazi tisa. Vinyago vya gesi viko kabatini, juu, hatua arobaini kutoka hapo. Amri inasema tuvae kabla ya kushuka. Hakuna anayevaa, ukivaa kila mara huwezi kumaliza kazi ya siku, na Shamil mwenyewe hushuka na kofia yake tu.

Nikasema, "Tangulia, Mjomba."

Akatangulia. Alipofika ngazi ya nne akasema, "Kuna yai bovu. Kidogo tu." Nikasimama. Nikamwuliza, "Turudi?" Akashuka mbili zaidi, akasema bila kugeuka, "Ah, limeshatoka. Njoo."

Limeshatoka. Neno hilo, Tarlan, tunafundishwa wiki ya kwanza chuoni. Mwalimu wetu alilipigia meza: mkisikia harufu imeondoka ghafla, kimbieni, maana haikuondoka harufu, imeondoka pua. Mimi mwenyewe nimewafundisha vijana wangu. Na mtu mwenye pua angelihisi yai likija na likiondoka, mwili wake ungekimbia kabla ya akili. Mimi nilikuwa na maneno tu ya mzee mmoja ninayemwamini. Niliyaamini kwa sekunde tatu. Niliweka mguu kwenye ngazi ya pili.

Halafu magoti yake yakakunjika. Hakupiga kelele. Alikaa chini kama mtu aliyechoka, akalala ubavu.

Nilipanda. Nilikimbia hadi kabatini, nikapiga king'ora, nikatoa kinyago, nikakivaa. Haya yote niliyafanya vizuri. Nikarudi juu ya shimo. Na hapo, mke wangu, nilisimama. Nilikuwa na kinyago usoni, kizima, nilichokikagua kwa mkono wangu Jumatatu. Miguu ikakataa. Nilimwona Mjomba, niliona soli ya kiatu chake, imeliwa upande mmoja. Nilikuwa nawaza: kama kinyago kinavuja, sitajua. Kila mtu angejua, mimi sitajua. Sijui nilisimama muda gani. Niliposikia watu wanakuja mbio nyuma yangu ndipo niliposhuka. Niliona aibu kuliko hofu, ndiyo iliyonisukuma.

Tulimtoa. Anapumua. Yuko hospitali, hajaamka. Madaktari wanasema mapafu yamejaa maji.

Jana jioni Shamil aliniita. Alikuwa na karatasi tayari imepigwa chapa. Imeandikwa kwamba fundi Mirzagha alishuka shimoni bila kinyago kinyume cha amri, na mhandisi wa zamu alimwokoa. Nikasema, "Mkuu, hakuna anayevaa." Akasema, "Wewe andika alichofanya yeye. Alishuka bila kinyago au hakushuka?" Nikasema alishuka. "Wewe ulimtoa au hukumtoa?" Nikasema nilimtoa. "Sasa uongo uko wapi, Behbud? Mei Mosi iko mlangoni. Nenda kalale."

Nimetia saini.

Behbud


Lankaran, 17 Aprili 1984

Behbud,

Nashukuru kwa kuwa uko hai. Nimesema hivyo kwanza kwa sababu mengine nitakayosema ni machungu, na usije ukadhani yanatoka mahali pengine.

Uongo uko hapa: karatasi ile inasema alichofanya, haisemi kwa nini alikuwa mbele. Nani alimwambia atangulie? Kwa sababu gani? Andika hilo, halafu ndiyo utie saini.

Kama mzee hataamka, jina lake litabaki kwenye faili kama mzembe. Nazli atakwenda kudai pensheni ya baba yake, ataambiwa mzee alijiua mwenyewe. Kama ataamka, ataamkia aibu ambayo si yake. Wewe uliogopa pale juu ya shimo, na hilo siwezi kukuhukumu, sijasimama pale. Ningesimama huenda ningekimbia hadi Lankaran. Lakini mezani kwa Shamil hapakuwa na gesi.

Baba ameuliza mbona sili. Nimemwambia nafunga.

Mimi pia nina langu katika jambo hili, nalo tutaliongea siku yake. Usidhani nimesimama mahali safi nikikunyooshea kidole.

Nenda kwa mzee. Kaa hapo mpaka aamke.

Tarlan


Baku, 27 Aprili 1984

Tarlan,

Aliamka siku ya sita. Hawakuniruhusu hadi jana. Nazli alikuwa mlangoni, akanishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa kumwokoa baba yake. Nilitamani ardhi inimeze.

Mjomba amekuwa mdogo. Mikono inamtetemeka kama ya mtu aliyeshikilia nyundo ya mashine. Alinitambua. Nilimsubiri Nazli atoke kwenda kuchukua maji ya moto, nikafunga mlango.

"Mjomba," nikasema, "sikuwa na goti bovu."

"Najua," akasema. Sauti yake ni ya kukwaruza. "Jumatatu ulikuwa unachechemea mguu wa kulia, Jumatano wa kushoto. Nikasema, huyu kijana anaogopa. Ana mke, wacha aogope. Nikatangulia."

"Si hivyo tu. Sina pua. Tangu Januari sinusi kitu chochote. Nilikuweka mbele uninusie."

Alinitazama puani. Halafu uso wake ukaanza kukunjamana, nikadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, nikamwinua, nikampigapiga mgongoni. Alipopata pumzi akasema:

"Basi tumekwisha, mwanangu. Yangu ilikufa mwaka juzi."

Sikuelewa. Nikamwuliza nini kilikufa.

"Pua! Miaka thelathini na moja ya moshi ule, ulidhani itaishi milele? Ilianza kufifia kidogo kidogo. Mwaka juzi, wakati wa kusindika nyanya, Nazli aliunguza sufuria nzima na mimi nimekaa kando yake. Nikajua. Lakini mtu akishaitwa pua ya kiwanda, atasema nini? Nimebakiza miaka miwili kufikia pensheni kamili."

"Lakini Mjomba, wewe ulisema kuna yai bovu. Pale ngazini."

"Nilisikia pampu inalia. Ile pampu ikilia hivyo siku zote hunuka. Kwa hiyo nikasema inanuka."

"Na uliposema limeshatoka?"

Akafumba macho. "Wewe ulikuwa nyuma yangu, umenyamaza. Kijana, msomi, pua nzima. Nikasema moyoni, lingekuwa bado lipo, mhandisi angesema."

Tarlan, nikahesabu. Miezi mitatu. Miezi mitatu tumeshuka mashimo yote ya kiwanda kile, mimi nikimfuata yeye, yeye akinisikiliza mimi, na kati yetu hakukuwa na pua hata moja.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Daktari Zivar, nikakaa kwenye foleni mpaka mwisho. Halafu nikaenda kwa Shamil nikaomba karatasi yangu. Akakataa kunipa. Nikaandika nyingine palepale kwa mkono, nakala tatu, moja yake, moja ya kamati ya usalama, moja ya Nazli. Nimeandika la pua. Nimeandika "Tangulia, Mjomba." Nimeandika kwamba nilisimama juu ya shimo. Mjomba naye jana aliomba nimwandikie yake, akatia dole gumba kwa sababu kalamu haikai mkononi.

Shamil alisoma, akasema, "Umejizika mwenyewe, Behbud. Na mzee umemzika pamoja." Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anajiuliza, "Wawili?"

Nimeondolewa zamu tangu leo. Jina langu halitakuwepo Jumanne.

Behbud


Baku, 25 Mei 1984

Tarlan,

Niko ofisi ya michoro. Nachora mabomba, siyakanyagi. Dirisha langu linatazama mtambo, na mwanzoni sikuweza kuacha kutazama. Kila mtu aliyeshuka shimoni nilimhesabia ngazi.

Majina yalibandikwa bila langu. Wa tano amekuwa wa nne. Alikuja kunishika mkono huku akitazama viatu vyake.

Lakini kuna jambo lililotokea wiki iliyopita ambalo lazima ulijue. Daktari Zivar hakuniacha na cheti changu. Alisema, kama wawili wamejificha katika mtambo mmoja, ataupima mtambo wote. Shamil alipinga, kisha akakubali ili watu waone kuwa hana wasiwasi. Tulikusanywa chumba cha mkutano, mimi nikiwa wa kuandika majina. Mezani chupa nne ndogo zilizofungwa karatasi. Ya kwanza siki, ya pili mafuta ya taa, ya tatu maji matupu, ya nne maji ya waridi. Hakuna aliyejua isipokuwa daktari na mimi.

Watu walikuwa wanasitasita mlangoni. Wanaume wenye mabega kama milango, walikuwa wanasukumana kama wanafunzi wasiosoma. Basi Shamil akaingia mbele yao. "Mnaogopa nini, nyinyi? Ni chupa hizi!" Akashika ya kwanza, akaivuta puani kwa kishindo. "Siki." Sawa, siki inachoma hata pua iliyokufa. Ya pili: akafikiri kidogo, "Mafuta ya taa." Sawa. Mimi nikadhani ndiyo yamekwisha.

Akashika ya tatu. Akavuta pumzi. Akatutazama. "Kitunguu," akasema.

Daktari Zivar aliandika bila kuinua kichwa. Mimi niliangusha kalamu. Shamil aliona uso wangu. Aliishika ile chupa tena, akanusa tena, polepole mara hii, na nilimwona akijua kwamba hata mafuta ya taa aliyabahatisha. Nafahamu sura ile. Niliwahi kuivaa mimi, mbele ya kitunguu, Februari.

Aliirudisha chupa mezani. Akatoka.

Kati ya watu kumi na watatu waliomfuata, wanne walinusa kitu kwenye maji. Mmoja alisema petroli. Mmoja alisema sabuni. Hawakuwa wanacheka tena.

Shamil alijifungia ofisini kwake saa nzima. Sisi tulibaki koridoni tukisubiri atuite wazushi. Alipofungua mlango alikuwa na macho mekundu. Akaenda chumba cha kuendeshea mtambo, akachukua simu, akasema, "Zimeni mtambo." Wakamwuliza kwa amri ya nani. Akasema, "Yangu. Andikeni jina langu."

Hujawahi kusikia mtambo ule ukizimwa. Nami sijawahi, miaka tisa haujasimama. Saa nane mchana ule mngurumo ulianza kushuka, ukashuka, ukaisha. Moto wa mnarani ulijikunja ukafa. Wanawake wa mtaa wa pili walitoka vibarazani wakiwa na mikono yenye unga, wakitazama juu, wakiitana majina ya watoto wao. Walikuwa wameogopa ule ukimya. Nami niliogopa. Nilishika ukingo wa dirisha mpaka vidole vikauma. Kisha niliona watu wangu wanapanda kutoka shimoni, mmoja mmoja, nikawahesabu mpaka wote wakawa juu.

Mjomba ametoka hospitali jana. Hawezi kufunga vifungo vya shati lake. Pensheni amepewa, pungufu. Hanilaumu, na hilo ni gumu kulibeba.

Baba yako sasa anajilisha, umesema. Rudi basi.

Behbud


Lankaran, 2 Juni 1984

Behbud,

Nitafika Jumapili ya tarehe kumi kwa treni ya asubuhi. Baba amenisindikiza mwenyewe kukata tiketi, kwa fimbo, hatua kwa hatua, akikataa kushikwa.

Kabla hujanipokea, jua unampokea nani. Nilikuambia nina langu. Nimelibeba miezi miwili na nusu na siwezi kupanda nalo treni bila kukuambia.

Tarehe kumi na tisa Machi niliandika barua mbili. Moja niliituma kwako. Nyingine nilimwandikia Daktari Zivar. Ukurasa mmoja. Niliandika jina langu na jina lako. Niliandika kwamba hunusi, na kwamba Mjomba Mirzagha anatembea mbele bila kujua. Niliweka stempu. Nikaenda nayo posta, nikasimama mbele ya sanduku.

Na pale, Behbud, niliona jiko. Si jiko lile la korido. Jiko langu, lenye dirisha moja, sufuria zangu zimetundikwa, hakuna mtu anayeingia bila kubisha. Niliiona hata rangi ya pazia. Nikasema, ni wiki sita tu. Nikairudisha mkobani.

Halafu nikakuandikia wewe maneno yote yale makali. Nikakuita mwongo. Nilikuwa nimesimama juu ya shimo lile lile, bila hata kinyago cha kuvaa, na niliogopa kitu kidogo zaidi kuliko ulichoogopa wewe.

Barua ile ingefika tarehe ishirini na tatu, ishirini na nne. Ulisema ulikaa kwenye foleni ya daktari siku hiyo hiyo, ukainuka. Kama ingekuwa imefika, angekuita kwa jina.

Mikono ya mzee inatetemeka, na sehemu ya mtetemo ule ni yangu.

Barua ninayo hapa. Stempu bado iko. Nikishuka treni sitakwenda nyumbani kwanza. Nitakwenda kwa Mjomba Mirzagha, nimsomee mwenyewe, mbele ya Nazli, halafu wanifanye wanavyotaka. Ninaogopa sana kubisha mlango ule. Ukija stesheni tutakwenda pamoja. Usipokuja, najua njia.

Tarlan